Siri Inayoua na Siri Inayoponya: Vikundi vya Kusaidiana kwa Walioshindwa Kujizuia katika Ngono

Makala hii inahusu jambo ambalo kwa kawaida halizungumzwi kwenye vikao vyetu. Tunaomba uvumilivu wako, kwani tumelazimika kuyataja mambo kwa majina yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuanze na mfano. Mtu huyu hayupo. Tumemtunga ili tusimwanike yeyote. Ni baba wa watoto watatu, fundi anayeheshimika, na mtunza hazina wa jumuiya yake. Kila anapolipwa fedha ya kazi, kabla hajafika nyumbani, miguu humpeleka gesti. Usiku, mkewe anapokwisha kulala, hukesha na simu akitazama picha za ngono hadi saa nane. Asubuhi hujichukia. Ameungama mara nyingi, amefunga, ameapa mbele ya Mungu, amebadilisha laini ya simu. Wiki tatu hupita, kisha anarudi kulekule. Sasa ada ya shule ya mtoto imekwisha liwa, na juma lililopita amegusa fedha za jumuiya akitumaini kuzirudisha. Raha yenyewe ilikwisha zamani. Hakuna anayejua.

Mtu huyu afanyeje? Na kamati ya parokia, ikijua au isipojua, inaweza kumsaidia vipi?

Ni dhambi au ni ugonjwa?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo wanakamati huuliza. Shirika la Afya Duniani limelijibu kwa upande wa tiba. Katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022, hali ya kushindwa kujizuia katika ngono imetajwa kuwa ni tatizo la afya ya akili. Dalili zake ni hizi:

1. Ngono imekuwa kitovu cha maisha ya mtu, hata anasahau afya yake, familia yake na wajibu wake.
2. Amejaribu mara nyingi kuacha au kupunguza, akashindwa.
3. Anaendelea ingawa anaona madhara, kama vile kuvunjika kwa ndoa, kufukuzwa kazi au kuambukizwa maradhi.
4. Anaendelea hata pale ambapo hapati tena raha yoyote.

Hali hiyo iwe imedumu kwa muda mrefu, miezi 6 au zaidi, na iwe imeleta mateso au hasara ya kweli katika maisha. Si lazima dalili zote zionekane kwa mtu mmoja.

Shirika hilo limeongeza onyo ambalo sisi watu wa parokia tunapaswa kulisikia. Mtu kujisikia vibaya kwa sababu tu anaamini kwamba tendo fulani ni dhambi, hilo peke yake halimfanyi kuwa mgonjwa. Kijana mwenye tamaa ya ujana si mgonjwa. Aliyeanguka mara moja akatubu si mgonjwa. Tusiwabandike watu jina la uraibu kwa sababu tu mwenendo wao hautupendezi.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya jina. Wengine husema ni uraibu kama ule wa pombe; wengine husema ni udhaifu wa kuzuia msukumo, na ndiko Shirika la Afya lilikoliweka. Kwa mgonjwa, jina si neno kubwa. Neno kubwa ni kwamba nia njema peke yake imeshindwa. Kuutambua ugonjwa hakufuti wajibu wa mtu kwa aliyoyatenda. Mlevi ni mgonjwa, lakini deni alilokopa ni lake.

Mlevi mmoja aliyepiga simu kwa mchungaji

Njia ya wagonjwa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe ilianzia kwenye pombe. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka huko ilikwama, akabaki peke yake hotelini, na kelele za baa zikawa zinamwita. Badala ya kwenda baa, alipiga simu kwa mchungaji mmoja wa mji huo. Hakuomba mahubiri, aliomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alikwisha gundua kwamba yeye mwenyewe hubaki mzima pale anapoongea na mwenye shida kama yake. Hatimaye alikutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyeshindwa kuacha pombe. Walizungumza kwa saa kadhaa. Kutokana na watu hao wawili kikazaliwa chama cha walevi wasiojitaja majina, na mwaka 1939 wakachapisha hatua 12 ambazo leo zinatumika duniani kote. Hapa kwetu, baadhi ya soba hausi za Zanzibar na za Bara huzitumia kuwasaidia vijana walioathirika na dawa za kulevya.

Hatua hizo kwa ufupi ni hizi: kukiri kwamba nimeshindwa, kuamini kwamba Mungu anaweza kunirudisha katika akili timamu, na kujikabidhi kwake, kujichunguza bila kujionea huruma, kumwambia Mungu na mtu mwingine ukweli wote, kuwalipa fidia niliowaumiza, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza zaidi, na mwisho, kumsaidia mwingine.

Ilichukua miaka 40 kabla njia hiyo haijaingia katika suala la ngono. Mwaka 1976, karibu na mji wa Boston, mtu aliyekwisha acha pombe kwa njia hii aliona kwamba kuna shida nyingine iliyobaki, akaanzisha kikundi cha wenye shida hiyo. Mwaka uliofuata, 1977, wanaume kadhaa katika mji wa Minneapolis walianzisha chao. Miaka hiyohiyo kikundi cha tatu kilianza California. Havikujuana, lakini vyote vilifikia jibu moja: aliye ndani ya shimo hili humsikiliza zaidi yule aliyewahi kuwa ndani yake.

Mkutano unavyoendeshwa

Wasomaji wetu wengi wako katika vikoba. Mnajua jinsi kikundi cha watu wachache, wanaokaa duara kila juma chini ya masharti waliyojiwekea, kinavyoweza kufanya jambo ambalo mtu mmoja hawezi. Kikundi hiki nacho hujengwa hivyohivyo, ila hisa inayowekwa mezani ni ukweli.

Watu watano au sita wanatosha. Hukutana siku moja, saa ileile, kwa muda wa saa moja au moja na nusu. Kila mmoja hujitaja kwa jina la kwanza tu. Husomwa hatua mojawapo, kisha kila mmoja huzungumza kwa zamu yake kuhusu maisha yake mwenyewe. Anapozungumza hakuna anayemkatiza, kumshauri, kumkosoa wala kumhubiria. Wala haruhusiwi kusimulia matendo kwa namna itakayowaamsha wenzake tamaa, au kutaja majina ya watu na mahali alikokwenda. Akimaliza hushukuriwa, na zamu humwendea mwingine.

Kwa wengi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kutamka jambo hili wakiwa hawako gizani, na kuona kwamba dari haikuwaangukia. Hapo ndipo tatizo hili huanza kulegea, kwa sababu aibu na upweke ndivyo vinavyolilisha. Mtu anapojiona ndiye peke yake mchafu duniani, hukimbilia kilekile kinachomchafua ili asahau.

Kazi kubwa hufanyika kati ya mkutano na mkutano. Kila mmoja huwa na mwenzake aliyemtangulia katika njia hiyo, na namba za simu za wengine. Sharti lao ni kwamba simu hupigwa kabla ya kuanguka, si baada. Yule fundi wetu, akiwa na fedha mfukoni saa kumi na mbili jioni, hahitaji hotuba. Anahitaji mtu atakayepokea simu na kumwambia, "Nitembee nawe hadi mlangoni kwako; usikate."

Anaacha nini hasa?

Kwa pombe, jibu ni rahisi: haonji tena. Kwa ngono si hivyo, kwa sababu tendo la ndoa ni zawadi ya Mungu, wala hatuwezi kuiacha miili yetu nyumbani. Kile kikundi cha California kiliweka mpaka mmoja kwa wote, kwamba ngono ni ndani ya ndoa ya mume na mke tu. Vikundi vilivyoanzia Boston na Minneapolis humwachia kila mwanachama ataje mwenyewe, pamoja na mwenzake anayemwongoza, matendo anayoyaacha. Parokia itaegemea mafundisho ya Kanisa, lakini kuna chombo kimoja kutoka vikundi vya Minneapolis ambacho kinafaa popote.

Mtu huchora duara tatu, moja ndani ya nyingine. Katika duara la ndani huandika matendo ambayo akiyafanya amevunja ahadi yake: kwenda gesti, kununua ngono, kutazama picha za ngono. Katika duara la kati huandika mambo ambayo si kosa kwa wengine, lakini kwake ni mteremko: kutembea na fedha zote mfukoni, kulala na simu kitandani, kugombana na mke halafu kutoka nje bila kusema anakwenda wapi. Katika duara la nje huandika yanayomjenga: sala, kazi, kwaya, kucheza na watoto, kulala mapema. Hapo anajifunza kwamba hakuanguka ghafla kama alivyodhani. Alianza kuteremka saa tano kabla, na katika saa hizo kulikuwa na nafasi nyingi za kugeuka.

Je, njia hii inafanya kazi?

Tuwe wakweli kwa wafadhili wetu. Kwa upande wa pombe ushahidi ni mzuri. Uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565, uliotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2020, ulionyesha kwamba programu za kuwaelekeza wagonjwa kwenye hatua 12 husaidia sawa na tiba nyingine au zaidi katika kuwafanya waache kabisa. Kwa upande wa ngono tafiti bado ni chache, na hatuwezi kuhamisha matokeo hayo kama yalivyo. Tunachoweza kusema ni kwamba njia hii ina gharama ndogo na inaweza kwenda sambamba na tiba ya hospitali.

Kikundi hakichukui nafasi ya daktari. Kuna watu ambao tamaa yao huongezeka kutokana na ugonjwa wa akili wenye vipindi vya msisimko mkubwa, na wengine kutokana na baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson. Hao kikundi peke yake hakitawafaa. Anayezungumzia kujiua apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mke, au mume, asisahauliwe

Ni kosa la mara kwa mara kumwambia mke kwamba mumewe alitoka nje kwa sababu yeye hakumtosheleza. Si kweli, na ni ukatili. Tatizo hili huwapata wanaume na wanawake pia, na chanzo chake hakiko kwa mwenzi. Mwenzi ana haki ya kujua kwamba afya yake imewekwa hatarini, ana haki ya kupima VVU na magonjwa mengine ya ngono, na ana haki ya kukataa tendo la ndoa hadi majibu yatoke. Ikiwa tukio la hatari limetokea ndani ya saa 72, zipo dawa za kuzuia maambukizi, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Kamati isimharakishe kusamehe. Aliyeumizwa naye anahitaji wenzake wa kukaa nao; Marekani vikundi vya wenzi na familia vimekuwepo tangu miaka ya 1980.

Siri mbili

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Kuna siri inayoua na kuna siri inayoponya. Ya kwanza ni ile ya fundi wetu, anayebeba mzigo peke yake na kudanganya kila upande. Ya pili ni ile ya kikundi: yanayosemwa humu yanabaki humu. Ya pili ndiyo inayoivunja ya kwanza. Neno moja likivuja hadi sokoni, kikundi kimekufa, na pengine ndoa mbili au tatu zimekufa nacho.

Lakini siri hiyo ina mpaka, nao usomwe wazi mwanzoni mwa mkutano wa kwanza, kabla mtu hajasema lolote. Kubaka, kumdhulumu mtoto au kumlazimisha mwanafunzi au mfanyakazi wa ndani si udhaifu wa kusaidiwa kwa duara. Ni jinai. Tanzania ina sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na Kenya ina yake ya mwaka 2006. Mtoto akiwa hatarini, habari ziende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au namba ya msaada kwa watoto 116, inayotumika katika nchi zote mbili. Kikundi kisiwe kichaka cha mhalifu kujifichia, na kamati isisuluhishe mambo hayo kifamilia. Heshima ya parokia haiwi kubwa kuliko mtoto mmoja.

Kamati ifanye nini, na mfadhili afanye nini?

Sisi wa mashirika tuna mazoea yetu: bango ukutani, karatasi ya mahudhurio, picha kwa ajili ya ripoti, ushuhuda wa mnufaika mmoja, na posho ya kikao. Kwa mradi wa kisima mazoea hayo yanafaa. Kwa kikundi hiki kila kimoja ni sumu. Picha huvunja siri. Orodha ya majina ikipotea ni janga. Posho huwaleta wasio na shida. Na ushuhuda madhabahuni, hata wa aliyepona, humwanika mkewe na watoto wake ambao hawakuombwa ruhusa. Vikundi vya hatua 12 vimejiwekea sharti la kutopokea fedha kutoka nje. Hupitisha kikapu wenyewe kwa ajili ya chai na karatasi. Tunashauri lifuatwe.

Kwa hiyo kamati ya parokia inaweza kufanya haya:

1. Itoe chumba chenye mlango unaofungwa, kisicho karibu na ofisi ya paroko wala uwanja wa watoto, na ikabidhi ufunguo kwa kikundi.
2. Itangaze kwa maneno ya jumla, kwa mfano, "Wenye shida ya kujizuia wanaweza kumwona mlezi fulani," bila kusema zaidi.
3. Wanaume wakutane peke yao na wanawake peke yao.
4. Mjumbe wa kamati asiingie kwenye mkutano, isipokuwa naye ana shida hiyo na anakuja kama mgonjwa.
5. Isiulize nani anahudhuria. Iulize jambo moja tu: je, chumba bado kinatumika?
6. Mwenye tatizo hili akijitokeza naye ameshika fedha za jumuiya, aondolewe mzigo wa fedha kwa upole, bila kutangaza sababu. Ni kumlinda yeye na mali ya watu.

Kwa wanaoishi mbali, vikundi vya namna hii hufanya pia mikutano kwa simu na intaneti, ingawa mingi huendeshwa kwa Kiingereza.

Na mfadhili? Anaweza kugharimia mafunzo kwa mapadre, makatekista na wauguzi ili wajue kutambua tatizo hili na wasimfukuze anayekuja kuomba msaada. Anaweza kulipia vipimo na ushauri nasaha kwa wenzi wasio na uwezo. Baada ya hapo tunamwomba jambo gumu kwa mtu aliyetoa fedha yake: akubali ripoti isiyo na picha, isiyo na majina, yenye mstari mmoja unaosema kwamba kikundi kinaendelea kukutana.

Turudi kwa fundi wetu. Akipata chumba hicho, hatapona kwa wiki moja, na huenda akaanguka tena. Lakini siku moja, atakapofika kwenye hatua ya kulipa fidia, atakuja kwa mwenyekiti wa jumuiya na daftari la hesabu mkononi, atasema ni kiasi gani kimepungua na atakilipa vipi kila mwezi. Siku hiyo, ndugu mwanakamati, usimuulize alikitumia wapi. Pokea daftari, mwandikie stakabadhi, na umkaribishe kiti.